Jinsi ya Kuamua Kama Pasi Imedakwa Katika Ligi ya NFL

Mtu anayeanza kufuatilia futiboli ya Kimarekani huzoea upesi sheria nyingi zinazoonekana ngumu, lakini hukwama kwenye jambo ambalo mtoto yeyote angedhani analijua, yaani kudaka mpira. Mpokeaji anaruka, anaukamata mpira, anaanguka nao, nusu ya uwanja inalipuka kwa shangwe, kisha refa anatoka kwenye skrini ya marudio na kutangaza kwamba pasi haikukamilika. Zipo mechi za mtoano zilizogeuka kwa tangazo la namna hiyo, na wapo mashabiki wa Detroit na Dallas ambao mpaka leo hawajaridhika. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulitazama tukio kama hilo na kufikia uamuzi wako kwa kufuata sheria ilivyoandikwa. Naamini kwamba makosa mengi ya watazamaji, na mvutano mwingi ulioikumba ligi yenyewe, umetokana na kuchanganya maswali matatu kuwa swali moja, na kuyatazama yote matatu kwa mwendo mmoja wa picha.

Maswali yenyewe yamo katika Kanuni ya 8, sehemu ya 1, kifungu cha 3 cha kitabu cha sheria cha NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo. La kwanza linauliza kama mchezaji ameumiliki mpira kwa viganja au mikononi kabla haujagusa ardhi. La pili linauliza kama amegusa ardhi ndani ya uwanja kwa miguu yote miwili, au kwa sehemu nyingine yoyote ya mwili isipokuwa viganja. La tatu, ambalo ndilo chimbuko la ugomvi, linauliza kama baada ya hayo mawili ametenda tendo la kawaida la mchezo, kwa mfano kupiga hatua ya ziada, kuunyoosha mpira mbele, kuukumbatia na kugeuka kuelekea goli la wapinzani, au kumkwepa beki. Au, kama hakulitenda, ameumiliki mpira kwa muda ambao ungemtosha kulitenda. Yajibu kwa mpangilio huo huo. Ukipata jibu la hapana mahali popote, huna haja ya kuendelea, kwa sababu pasi hiyo haikukamilika. Sheria ni hiyo hiyo kwa mlinzi anayenasa pasi ya wapinzani, na kwa hiyo usimpunguzie wala kumwongezea masharti kwa kuwa tu unaishabikia timu yake.

Kabla ya kuingia katika kila swali, elewa kwa nini swali la tatu lipo, maana watu wengi huliona kuwa ni ukorofi wa wanasheria. Mpira ukimtoka mchezaji ambaye bado hajakamilisha kudaka, mchezo unasimama na timu yake inarudi pale ilipoanzia jaribio (moja kati ya manne inayopewa kusogeza mpira yadi 10), ikiwa imepoteza jaribio hilo moja tu. Mpira ukimtoka mchezaji aliyekwisha kudaka, huo ni mpira ulioponyoka, na yeyote anaweza kuuokota na kukimbia nao hadi golini. Sheria ikilegezwa sana, kila mpokeaji atakayegongwa mara tu mpira unapomfikia atahesabiwa kuwa ameuponyosha. Ikikazwa sana, mpokeaji aliyekwisha kuushika mpira na kuugeuza ataambiwa hakuwahi kuudaka. Kila marekebisho ambayo ligi imeyafanya tangu miaka ya mwisho ya karne iliyopita yamekuwa ni kusogeza mstari huu upande mmoja au mwingine, na kila ulikosogezwa palikuwa na mtu aliyeumia.

Mikono na ardhi

Kwa swali la kwanza, tazama marudio kwa mwendo wa polepole kabisa, tena utafute kamera iliyo chini, karibu na usawa wa nyasi. Usiutazame uso wa mchezaji wala mikono yake inayoshangilia. Itazame ncha ya mpira na vidole vilivyo chini yake. Mpira kugusa ardhi si kosa peke yake. Kosa ni mpira kugusa ardhi na ardhi hiyo ikamsaidia mchezaji kuushika, au ikamfanya apoteze umiliki wake.

Mambo hayakuwa hivyo zamani. Tarehe 23 Januari 2000, katika fainali ya kongamano la NFC, mojawapo ya makundi mawili ya ligi, iliyochezwa St. Louis, timu ya Tampa Bay Buccaneers ilikuwa nyuma ya wenyeji wao Rams kwa pointi 11 kwa 6 na muda ulikuwa unayoyoma. Mpokeaji wa Tampa Bay, Bert Emanuel, alijitupa na kuukamata mpira kwa mikono miwili, na mikono yake haikuachia hata kidogo, lakini ncha ya mpira iligusa ardhi alipokuwa akianguka. Uamuzi wa kwanza ulisema amedaka. Marudio ya video yakaugeuza, na matokeo yakabaki 11 kwa 6. Baada ya msimu huo ligi ilifafanua kwamba mpira unaweza kugusa ardhi na pasi ikahesabika, mradi mchezaji hajapoteza umiliki. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba pasi imeharibika kwa kuwa mpira umegusa nyasi, anakupa sheria iliyokwisha kufutwa zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Mfano wa upande wa pili ni ule wa Julian Edelman, mpokeaji wa New England, katika Super Bowl ya 51, yaani fainali ya ligi, iliyochezwa Houston tarehe 5 Februari 2017. Pasi ilipanguliwa na mlinzi Robert Alford wa Atlanta, mpira ukapaa kidogo, ukamgonga Alford tena mguuni alipokuwa ameanguka, na Edelman akajitupa katikati ya walinzi watatu, akauwahi, ukamteleza kidogo, akaukamata tena. Ukisimamisha picha pale unapomteleza, unaona nafasi ndogo mno kati ya mpira na ardhi, na viganja vyake vikirudi chini yake. Mpira kucheza mikononi si kosa mradi haujatua. Atlanta waliupinga uamuzi, na marudio yakathibitisha kwamba amedaka.

Miguu na mstari

Swali la pili ndilo jepesi kuliko yote, kwa kuwa halihitaji busara. Linahitaji macho tu. NFL inadai miguu miwili, wakati mchezo wa vyuo vikuu vya Marekani unaridhika na mmoja, na tofauti hii huwakanganya wanaotazama mechi za vyuo za Jumamosi na za NFL za Jumapili kwa pamoja. Goti moja, kiwiko, nyonga au mgongo hutosha badala ya miguu miwili. Kiganja hakitoshi. Mstari mweupe unaouzunguka uwanja wenyewe ni nje ya uwanja, hata ukiguswa kwa ncha ya kiatu.

Mpokeaji anayevuta vidole vya miguu juu ya nyasi huku mwili wake ukielea nje ya uwanja amekidhi sharti, kama alivyofanya Santonio Holmes wa Pittsburgh katika kona ya eneo la goli, yaani sehemu ya mwisho wa uwanja ambako timu hufunga, tarehe 1 Februari 2009, akaipa timu yake ushindi wa 27 kwa 23 dhidi ya Arizona katika Super Bowl ya 43. Lakini mchezaji anayekanyaga kwa hatua ya kawaida, akatanguliza vidole ndani kisha kisigino kikashukia kwenye mstari katika hatua ile ile, huhesabiwa yuko nje. Kwa hiyo tazama mguu hadi hatua iishe, usisimamishe picha pale vidole vinapogusa. Na mchezaji anayeanguka kuelekea nje anatakiwa aendelee kuumiliki mpira anapogonga ardhi huko nje. Ukimtoka hapo, miguu yake miwili haimsaidii kitu.

Mfano unaofaa kuutazama kwa makini ni wa tarehe 5 Septemba 2024, mechi ya ufunguzi wa msimu kati ya Baltimore na Kansas City. Baltimore walikuwa nyuma 27 kwa 20 na hilo lilikuwa jaribio la mwisho kabisa la mechi. Mrushaji wao Lamar Jackson akamrushia Isaiah Likely upande wa nyuma ndani ya eneo la goli, Likely akaushika mpira juu, akatua, na waamuzi wakainua mikono kuashiria tachidauni, yaani kwamba timu imefunga. Kisha picha ya karibu ikaonyesha kiatu chake: sehemu kubwa ya soli ilikuwa juu ya nyasi za rangi, ila ncha ya mbele ilikuwa imelalia weupe wa mstari wa mwisho. Mechi ikaishia hapo. Matokeo yaliwauma wengi, lakini hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba sheria haieleweki.

Swali la muda

Sasa acha mwendo wa polepole. Hili ndilo agizo ambalo ningependa msomaji alizingatie kuliko mengine yote: swali la tatu litazame kwa mwendo wa kawaida. Swali hili linapima muda, na picha inayokwenda polepole hurefusha muda. Mpokeaji aliyegongwa papo hapo huonekana kama mtu aliyekaa na mpira mkononi akitafakari aende wapi. Mwendo wa polepole utumie kuhesabu hatua tu, kisha urudi kwenye mwendo wa kawaida na ujiulize kama mchezaji alikwisha kuwa mkimbiaji au alikuwa bado anapokea.

Kwa miaka mingi ligi ilikuwa na kifungu kikali zaidi juu ya mchezaji anayeanguka katika kudaka: ilimlazimu aendelee kuushika mpira tangu mwanzo hadi mwisho wa kuanguka kwake, bila kujali alifanya nini njiani. Kifungu hicho kilijulikana kwa watu wote tarehe 12 Septemba 2010 mjini Chicago. Zilikuwa zimebaki takriban sekunde 30, Detroit wakiwa nyuma 19 kwa 14, pale Calvin Johnson aliporuka juu ya beki ndani ya eneo la goli, akatua kwa miguu yote miwili, akaanguka, na alipokuwa akiinuka akautuliza mpira chini kwa mkono mmoja, ukamtoka. Johnson alikwisha kuanza kukimbia kwenda kushangilia. Waamuzi wakasema pasi haikukamilika kwa kuwa tendo la kudaka lilikuwa halijaisha, na marudio ya video hayakubadili kitu. Tangu siku hiyo mashabiki waliiita kanuni ya Calvin Johnson, jina ambalo hakulitafuta.

Tukio ambalo mimi hulitumia kumfundisha mtu ni la Dez Bryant, mpokeaji wa Dallas, tarehe 11 Januari 2015, uwanja wa Lambeau Field, Green Bay. Ilikuwa mechi ya mtoano. Dallas walikuwa nyuma 26 kwa 21, jaribio la nne, yaani la mwisho, wakihitaji yadi 2, zikiwa zimesalia dakika 4 na sekunde kadhaa. Mrushaji wao Tony Romo hakutafuta yadi 2. Aliurusha mpira mbali upande wa kushoto. Bryant akaruka juu ya beki Sam Shields na kuutwaa mpira akiwa hewani. Itazame miguu yake inavyoshuka: mmoja, wa pili, kisha anaendelea kuyumba kuelekea mstari wa goli. Wakati huo huo mpira unahama, unatoka mikono miwili na kuingia mkono wa kushoto, na mkono huo unanyooka mbele kuelekea mstari. Kisha mkono unagonga ardhi, mpira unaruka juu kidogo, naye anaudaka tena akibingirika ndani ya eneo la goli. Mwamuzi uwanjani alisema amedaka na ameangukia karibu na yadi 1. Kocha Mike McCarthy wa Green Bay akarusha kitambaa chekundu, ishara ya kocha anayepinga uamuzi, na refa Gene Steratore akaugeuza uamuzi. Matokeo hayakubadilika tena.

Kwa sheria ya siku ile, Steratore hakukosea, na ni haki kusema hivyo waziwazi, kwa sababu alitukanwa sana kwa kutekeleza maandishi aliyopewa. Bryant alikuwa anaanguka, na mpira uligusa ardhi ukamtoka. Ubovu ulikuwa katika maandishi yenyewe, yaliyomtaka mwamuzi ayafumbie macho mambo ambayo kila mtu aliyaona: hatua zilizopigwa, mpira uliohamishwa mkono, na mkono ulionyooshwa kwa makusudi. Mtu ambaye bado hajaupata mpira hawezi kuunyoosha mbele kutafuta goli. Mwaka 2015 ligi ilibadilisha maneno na kusema mpokeaji lazima awe amekuwa mkimbiaji dhahiri kabla hajaanguka, jambo ambalo lilihamisha utata bila kuupunguza.

Tarehe 17 Desemba 2017, Pittsburgh wakiwa nyuma ya New England 27 kwa 24 na zikiwa zimebaki takriban sekunde 30, Jesse James aliudaka mpira karibu na mstari wa goli, goti lake likagusa chini, akageuka na kuunyoosha mpira ukavuka mstari, kisha mpira ukacheza ulipogonga ardhi. Tachidauni ikafutwa. Majaribio mawili baadaye pasi ya mrushaji wao Ben Roethlisberger ilinaswa na Duron Harmon wa New England na Pittsburgh wakapoteza mechi. Wengi walihoji, na kwa haki, kwamba mkimbiaji akivusha mpira juu ya mstari huo amekwisha kufunga hata ukimtoka sekunde inayofuata. Jibu la ligi lilikuwa kwamba James alikuwa bado ni mpokeaji, si mkimbiaji. Wiki chache baadaye, katika Super Bowl ya 52 mjini Minneapolis tarehe 4 Februari 2018, Zach Ertz wa Philadelphia aliudaka mpira, akapiga hatua, akajitupa kuvuka mstari, na mpira ukaruka ulipogonga chini. Safari hii iliamuliwa kwamba alikwisha kuwa mkimbiaji, tachidauni ikasimama, na Philadelphia wakashinda 41 kwa 33. Matukio yale mawili yanatofautiana, lakini ulihitaji kuyaelezea kwa dakika tano ili mtu aione tofauti, na sheria inayohitaji maelezo marefu kiasi hicho haiwezi kuaminiwa na watu waliolipa kuingia uwanjani.

Wamiliki wa timu walipokutana Orlando mwezi Machi 2018, walikifuta kifungu cha kuanguka na kuweka maswali matatu niliyoyataja hapo juu, kwa kura 32 kwa 0. Kwa kipimo hicho kipya, Bryant na James wamedaka. Lakini usichukulie kwamba ardhi haina maana tena. Mchezaji aliyejibu maswali mawili ya kwanza bila kufikia la tatu, kisha akaanguka na mpira ukamtoka ukagusa chini, pasi yake haikukamilika.

Tena kumbuka kwamba eneo la goli halina msamaha. Wengi hudhani kwamba miguu miwili na mpira mikononi ndani ya eneo hilo inatosha, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kukimbilia. Haitoshi. Tarehe 7 Desemba 2025, Isaiah Likely yule yule wa Baltimore aliudaka mpira ndani ya eneo la goli dhidi ya Pittsburgh, akatua kwa miguu miwili, na beki akaupiga mpira ukamtoka kabla hajapiga hatua ya tatu. Uamuzi wa tachidauni ukafutwa na Pittsburgh wakashinda 27 kwa 22. Nadhani hapa sheria ingali inahitaji kazi, maana mpokeaji aliyesimama ndani ya goli hana sababu ya kupiga hatua nyingine. Lakini ndivyo ilivyoandikwa, na mtazamaji anapaswa kuamua kwa yaliyoandikwa.

Wawili wakiushika mmoja

Mara chache mpokeaji na mlinzi huukamata mpira pamoja. Wakiupata kwa wakati mmoja na wote wakauhifadhi, mpira ni wa timu iliyorusha pasi. Ila mmoja akitangulia kuumiliki na mwingine akaja kung'ang'ania baadaye, huo si udakaji wa pamoja. Tafuta mkono uliotangulia, si mkono ulioshinda katika lundo la watu chini. Usiku wa tarehe 24 Septemba 2012 mjini Seattle, waamuzi wa muda waliokuwa wakishika nafasi ya waamuzi wa kawaida walimpa Golden Tate wa Seattle pasi ya mwisho, ingawa M.D. Jennings wa Green Bay alionekana kuukumbatia mpira kifuani kabla yake, na Seattle wakashinda 14 kwa 12.

Kusikiliza uamuzi wa marudio

Ukishafikia jibu lako, kuna kipimo kimoja zaidi kabla hujabishana na refa. Marudio ya video, yaliyorejeshwa mwaka 1999 pamoja na haki ya kocha kupinga uamuzi, hayaulizi ni uamuzi gani unaelekea kuwa sahihi. Yanauliza kama ushahidi wa picha uko wazi kiasi cha kuubatilisha uamuzi uliotolewa uwanjani. Kwa hiyo andika kwanza waamuzi walisema nini kabla ya marudio, kwa sababu tukio lile lile linaweza kuishia pande mbili tofauti kulingana na ishara ya mkono iliyotangulia. Tangu mwaka 2017 neno la mwisho hutoka makao ya ligi mjini New York, ambako picha zote hutazamwa kwa pamoja. Refa aliyesimama mbele yako ni mtangazaji wa jambo lililokubaliwa huko.

Anapowasha kipaza sauti, sikiliza kitenzi chake. Akisema uamuzi umethibitishwa, picha zimeonyesha kwamba waamuzi walikuwa sahihi. Akisema umegeuzwa, picha zimeonyesha kwamba walikosea. Akisema unabaki palepale, hakuna kamera iliyoonyesha chochote cha kutosha, na jibu ulilolipata mwenyewe, hata kama ni tofauti na lake, halijakanushwa na mtu.